Shajara ya mradi: kupima msongo wa oksidi kwenye ini la sato, Mwanza

5 Juni 2023: Swali na manunuzi

Kuna mtaro unaopita chini ya sehemu za kuoshea magari, kisha unamwagika Ziwa Victoria upande wetu wa Mwanza. Tunataka kujua maji yake yanamfanya nini sato asiyekufa. Anayekufa huelea, watu humwona, diwani huitwa. Anayebaki hai huku ini likiharibika taratibu ndiye anayefika mwaloni na kuuzwa, na kwa nje hana alama yoyote.

Kwa ufupi, tunachopima ni hiki. Kila seli inayotumia oksijeni huvujisha sehemu yake ndogo katika maumbo makali: kwanza superoksidi, kisha peroksidi ya haidrojeni. Seli ina vimeng'enya vya kujilinda. Kimoja hugeuza superoksidi kuwa peroksidi, na kingine, katalesi, huivunja peroksidi kuwa maji na oksijeni. Glutathioni hushughulikia mabaki. Msongo wa oksidi ni pale maumbo hayo makali yanapozalishwa mengi kuliko ulinzi unavyomudu, na kila aina ya uchafu ina njia yake ya kufika hapo. Chuma na shaba hugeuza peroksidi kuwa radikali ya haidroksili, umbo kali zaidi ambalo hakuna kimeng'enya kinacholidhibiti. Mmenyuko wa chuma unajulikana tangu Fenton alipoueleza mwaka 1894. Zebaki, ile ya wachenjuaji wadogo wa dhahabu, hung'ang'ania salfa iliyo kwenye glutathioni na kuifanya isifae kitu. Mafuta ya magari yana hidrokaboni ambazo ini likijaribu kuzivunja hutengeneza kwinoni, nazo huzalisha superoksidi mzunguko baada ya mzunguko.

Yote huishia kwenye utando wa seli: mafuta yake huchacha. Samaki ana mafuta mengi yasiyojaa, kwa hiyo huchacha upesi kuliko ya ng'ombe. Dutu inayobaki baada ya mafuta kuchacha, malondialdehaidi (hapa tutaandika MDA), ikichemshwa na asidi ya thiobabituriki (TBA) hutoa rangi ya waridi inayosomwa kwenye mawimbi ya nanomita 532. Kipimo hiki kilitumika zamani kukagua nyama na maziwa yaliyochacha, na ni cha bei nafuu. Tutapima MDA, katalesi na protini ya jumla. Vimeng'enya vingine vinahitaji vifurushi vya kuagiza nje, tumeviacha.

Manunuzi ya awali: TBA gramu 25, sh 160,000, asidi ya trikloroasetiki (TCA) nusu kilo, sh 140,000, BHT (kizuia-oksidi), sh 55,000, kemikali ya kutengenezea MDA ya kulinganishia, sh 210,000, ya kupimia protini, sh 130,000. Mapipa ya plastiki ya lita 60, kila moja sh 24,000. Pampu ya hewa yenye matundu mengi, sh 85,000. Sato wa gramu 30 hivi tumewapata kwa mfugaji kwa sh 1,000 kila mmoja. Spektrofotomita, mashine ya kusoma rangi kwa mwanga, ni ya chuo, tunaiazima jioni wanafunzi wakishatoka. Kibali cha kutumia samaki kwenye utafiti tulikiomba mapema. Anayeiga aanze na hilo.

16 Juni 2023: Kipimo chenyewe kabla ya samaki

Tumeanza na maini ya sato wa sokoni, tukipima kipimo badala ya samaki.

Vifuniko vya mirija viliruka vilipochemka, asidi ikatapakaa ukutani. Kufunga kwa nguvu ni hatari, na kuacha wazi kunapunguza ujazo. Dawa ni gololi za watoto: unaweka moja juu ya kila mrija, mvuke unagandia chini yake na kurudi. Gololi za kutosha, sh 2,000. Ndicho kifaa bora tulichonunua mwaka huu.

Maelekezo yote husema nyuzi 95 za selisiasi. Hatuna bafu la maji lenye kidhibiti. Ila Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemkia kwenye nyuzi 96 hivi. Sufuria kubwa juu ya jiko la gesi, maji yakichemka taratibu, inatosha kabisa. Anayefanyia Dar es Salaam au Mombasa asituige hapa. Kule atapata karibu 100.

Tatizo lililotusumbua zaidi ni rangi. Mirija yetu ilikuwa ya machungwa, na hata ile isiyo na ini ilitoa usomaji. Bafa (maji ya kemikali yasiyobadilika uasidi) ya kusagia ini tuliyokuwa tumerithi kutoka kwenye mwongozo wa zamani ina sukari ya miwa, inayotumika kulinda mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zisipasuke. Sukari ikichemshwa na TBA kwenye asidi hutoa rangi yake yenyewe. Tumeitupa bafa hiyo. Sasa nusu ya ini inasagwa moja kwa moja ndani ya TCA ya asilimia 10 iliyopoa kwenye barafu, pamoja na BHT kidogo. Hiyo BHT si pambo: bila yake mafuta yanaendelea kuchacha ndani ya sufuria, na unachopima ni upishi wako. Nusu ya pili inasagwa kwenye bafa ya fosfeti kwa ajili ya katalesi na protini.

Mambo mawili ya mkono. Kifuko cha nyongo kikitobolewa, tupa sampuli, maana rangi ya nyongo huingilia usomaji. Na ini lioshwe kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyo baridi hadi damu itoke. Damu ina chuma, ina katalesi yake, na ina wekundu wake.

Hesabu ya haraka kwa wenye kuveti (kichupa cha kusomea sampuli kwenye mashine) ya sentimita moja: toa usomaji wa nanomita 600 kutoka usomaji wa 532, kila 0.156 inayobaki ni mikromoli moja ya MDA kwa lita.

27 Juni 2023: Katalesi bila kwatsi

Njia ya kawaida ya katalesi ni kuangalia peroksidi ikipungua kwenye nanomita 240. Tulinunua pakiti ya kuveti za plastiki, sh 45,000, na mashine ikasoma giza tupu. Plastiki ya kawaida haipitishi mwanga wa urujuanimno huo, na kioo cha kawaida pia hakipitishi. Inatakiwa kwatsi, na bei ya kuveti moja ya kwatsi ilituzidi.

Tumehamia njia ya povu. Mikrolita 100 za sampuli, 100 za Triton X-100 (sabuni ya maabara) ya asilimia 1, na 100 za peroksidi ya asilimia 30. Katalesi ikiivunja peroksidi, oksijeni inanaswa na sabuni na povu linapanda. Baada ya dakika 15 unapima kimo kwa rula. Mirija yote lazima iwe na kipenyo kimoja, na ini liwe limezimuliwa vya kutosha, la sivyo povu linatoka nje. Vaa glavu: peroksidi ya asilimia 30 hubabua ngozi papo hapo. Ile ya duka la dawa ni dhaifu, povu lake halifiki popote.

Njia hii haitofautishi mabadiliko madogo. Kwa kulinganisha makundi inatosha.

10 Julai 2023: Shaba isiyofanya kazi

Kabla ya mtaro tumeamua kutumia sumu tunayoijua. Kama kipimo hakioni shaba, hakitaona mtaro. Shaba tunaipata kwenye mrututu, yaani salfeti ya shaba. Gramu 3.93 za mrututu safi katika lita moja ya maji hutoa gramu 1 ya shaba, hivyo mililita 12 za mchanganyiko huo kwenye pipa la lita 60 ni miligramu 0.2 za shaba kwa lita. Mrututu wa duka la pembejeo tuliukwepa. Fuwele zake zilikuwa zimepauka, maana yake zimepoteza maji, na gramu moja inakuwa na shaba nyingi kuliko unavyodhani.

Mapipa matatu ya shaba, matatu safi. Siku nne. MDA sawa, povu sawa, samaki wenye furaha kote.

Kosa lilikuwa kwenye maji. Tulitumia maji ya kisima kwa sababu bomba lina klorini, nayo huunguza matamvua. Maji ya kisima chetu ni magumu: sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko. Kalisi huzuia shaba isishike kwenye matamvua, na kaboneti huikamata kabla haijamfikia samaki. Shaba iliyobaki huru majini ilikuwa ndogo sana. Ziwa Victoria lina maji laini, chumvi zake ni chache, na miligramu zile zile za shaba humchoma samaki wa ziwani kuliko wa kisimani. Ndiyo maana namba ya sumu ikitajwa bila ugumu wa maji, sisi sasa hatuichukui.

Marekebisho: maji yanatoka ziwani, mbali na mtaro, yanachujwa kwa kitambaa kizito na kupigwa hewa siku moja. Guta la kubeba madumu linakula sh 15,000 kwa safari. Nusu ya maji inabadilishwa kila siku na shaba inaongezwa upya, kwa sababu nyingine inanasa kwenye mabaki ya chakula na kuta za pipa.

31 Julai 2023: Mapipa safi yenye ini lililochacha

Hapa tumekaa muda mrefu kuliko popote, na kama utasoma tarehe moja tu, soma hii.

Kwa maji ya ziwa, samaki wa shaba walitoa waridi iliyokolea. Tulishangilia hadi mirija ya mapipa safi ilipotoka kwenye sufuria: karibu rangi ile ile. Tukarudia na samaki wapya. Vile vile. Maji safi, hewa ya kutosha, amonia chini, hakuna aliyekufa, na ini linasema samaki yuko kwenye msongo mkubwa.

Tulianza kujikagua. Kwanza uvuvi wenyewe. Tulikuwa tunawavua wote kwa pamoja, tunawaweka kwenye ndoo, kisha tunawapasua mmoja mmoja. Samaki wa mwisho amehangaika kwa saa nzima kwenye maji yanayopata joto. Tulibadilisha: anavuliwa mmoja, anapigwa kichwani, ini linakuwa kwenye barafu ndani ya dakika mbili, na tunapokezana pipa safi na pipa la shaba. Mafuta ya karafuu tuliyokuwa tunalazia samaki tumeyaacha pia. Eugenoli iliyomo ni kizuia-oksidi kizuri, na hatutaki kumpa samaki dawa ya kile tunachokipima. Tofauti ya samaki wa kwanza na wa mwisho ikaisha, lakini waridi ya mapipa safi ikabaki.

Kisha jokofu. Umeme ulikuwa umekatika usiku mara kadhaa, na hata bila kukatika, nyuzi 20 chini ya sifuri hazizuii mafuta ya samaki kuchacha, zinayachelewesha tu. Kwa kukosa jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, tukaamua sampuli ichemshwe siku ile ile, hata ikibidi kulala maabara. Ikasaidia kidogo.

Aliyeipata ni mwanafunzi wetu mmoja, na kwa swali la kawaida kabisa: "Mwalimu, chakula chenyewe tumewahi kukipima?" Hatukuwahi. Tulikuwa tunachanganya wenyewe pumba za mahindi, mashudu ya pamba na dagaa wa kusagwa. Dagaa wale ni wa kuanikwa mchangani kwenye jua kali, kisha wakakaa kwenye gunia chini ya bati. Tulichukua kijiko cha chakula, tukakisaga kwenye TCA, tukakichemsha na TBA kama ini. Kilitoka waridi kuliko ini lolote tuliloliona tangu Juni.

Kwa maneno mengine, tulikuwa tunawalisha samaki mafuta yaliyokwisha kuchacha, halafu tunauliza kwa nini ini limechacha. Mafuta ya namna hiyo yanamaliza vitamini E ya samaki na kuanzisha mnyororo wa uharibifu kwenye utando, uwe na shaba au usiwe nayo.

Tumenunua chakula cha kiwandani, mfuko mmoja sh 95,000, toleo moja kwa mradi mzima kwa sababu viwanda huongeza vitamini E na vizuia-oksidi kwa viwango tofauti. Mfuko umegawanywa kwenye vifurushi vidogo vilivyofungwa na kuwekwa jokofuni. Samaki wapya wanalishwa wiki tatu kabla ya jaribio lolote. Na kila tunapofungua kifurushi, tunapima chakula kwa TBA. Wafugaji wanaosoma hapa wanaweza kuchukua hilo peke yake na kuacha mengine yote. Hasara ya dagaa waliochacha haihitaji mtaro kuingia bwawani.

28 Agosti 2023: Shaba inaonekana

Mapipa safi yamepauka, ya shaba yana waridi ya wazi. MDA ya kundi la shaba ni karibu mara mbili ya kundi safi. Povu la katalesi limepanda kwa shaba ya miligramu 0.2, na kwa miligramu 0.5 limeshuka chini ya mapipa safi. Wengi hukwama hapa wakidhani sampuli zimechanganyika. Kimeng'enya hupanda ini linapopambana na hushuka linapozidiwa, kwa sababu vyombo vya ulinzi navyo ni protini na huharibiwa. Katalesi iliyo "kawaida" inaweza kuwa iko njiani kupanda au njiani kushuka. Bila MDA pembeni, haikuambii kitu.

Tumenunua mapipa mengine hadi kufikia 12. Samaki kumi kwenye pipa moja si majaribio kumi: wanashiriki maji, joto na ugonjwa mmoja, kwa hiyo pipa ndilo linalohesabiwa. Ni bora mapipa manne yenye samaki wachache kuliko moja lililojaa.

18 Septemba 2023: Mtaro, na oksijeni

Maji ya mtaro tunayachota asubuhi sehemu za kuoshea magari zikiwa kazini, tunayazimua kwa maji ya ziwa: asilimia 10 na asilimia 25. Kiangazi hiki mtaro ni mzito, una utelezi wa mafuta na harufu ya sabuni.

Jaribio la kwanza lilitoa MDA ya juu mno kwenye asilimia 25. Lakini alfajiri samaki wale walikuwa wanahema juu ya maji. Mita ya oksijeni tuliyoazima ilionyesha oksijeni ikishuka: mtaro una uchafu mwingi wa kuoza, na bakteria wake walikuwa wanakunywa oksijeni usiku kucha. Pampu ikizidiwa oksijeni inashuka, mchana inapanda tena. Kushuka na kupanda kwa oksijeni kwenyewe huleta msongo wa oksidi, hasa pale oksijeni inaporudi ghafla. Hatukuwa na haki ya kusema ni mafuta ya magari.

Tulipoongeza pampu ya pili, sh 85,000, asubuhi moja tukaikuta kimya. Mlinzi alikuwa amechomoa waya ili achaji simu. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. "Samahani Mwalimu, nilijua hiyo ni ya mapambo," alisema. Sasa ana soketi yake, na pampu ina karatasi ya gundi juu ya swichi na betri ya akiba.

9 Oktoba 2023: Mtaro, mara hii kwa hewa sawa

Oksijeni sasa ni sawa kwenye mapipa yote 12, usiku na mchana, na joto ni lile lile. Jaribio la siku saba.

Asilimia 10: MDA imepanda kiasi, na usomaji wa mapipa mawili kati ya manne unagusana na wa yale safi. Katalesi imepanda wazi. Asilimia 25: MDA juu ya safi kwenye mapipa yote manne, katalesi haitabiriki. Tofauti ni ndogo kuliko ile ya Septemba kabla ya hewa kurekebishwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kilichotutisha ilikuwa ukosefu wa oksijeni. Kwa samaki wa mtaroni hilo halimfariji, kwani yeye hana pampu. Lakini kwa anayetaka kusafisha mtaro lina maana: mtego wa mafuta chini ya sehemu za kuoshea magari utapunguza hidrokaboni tu, na uchafu wa kuoza unaotoka juu zaidi utaendelea kuvuta oksijeni.

Kipimo cha TBA hakioni MDA peke yake. Aldehaidi nyingine huingia kwenye waridi. Tunalinganisha makundi yaliyofanyiwa kazi siku moja, kwa sufuria moja, na hatutoi namba ya kumpelekea mtu kama kiwango cha ziwa. Na mtaro una sabuni, metali kutoka breki na matairi, pamoja na mafuta. Matokeo haya hayasemi ni kipi kati ya hivyo.

30 Oktoba 2023: Mvua, taka na hesabu

Vuli imeanza. Mvua ya kwanza ilisomba kila kitu kilicholala barabarani tangu Mei, na mtaro wa wiki hii si ule wa Septemba. Tumesimamisha uchotaji hadi maji yatulie, kisha tutachota mara mbili kwa wiki badala ya kuamini ndoo ya siku moja.

Maji ya mapipa ya shaba hayamwagwi. Tunayatia chokaa hadi shaba itulie chini kama tope la bluu, tunachuja, tope linahifadhiwa kwenye ndoo yenye kifuniko na jina. Taka za TCA na TBA zina chupa yao. Ingekuwa kichekesho kupima mtaro huku tukiulisha.

Hadi leo tumetumia karibu milioni 1.9: kemikali sh 815,000 pamoja na za povu, mapipa sh 288,000, pampu sh 170,000, samaki sh 240,000, chakula sh 95,000, guta sh 180,000, gesi na barafu sh 70,000, na zile kuveti za plastiki zisizo na kazi. Anayeanza leo akifuata mpangilio wa Agosti anaweza kushuka chini ya milioni moja na nusu, kwa sababu hatahitaji kuua samaki wa Julai.

Hatua inayofuata ni vizimba vidogo ziwani, kimoja karibu na mdomo wa mtaro, vingine kwenye maji ya wazi, kwa samaki wale wale na chakula kile kile. Nyavu zimeshonwa. Tunasubiri kibali cha kuziweka.